Unakwenda kwa notari? Soma hapa kabla hujatia sahihi

Nianze na hili mana ndo linalorudisha watu wengi majumbani: usitie sahihi karatasi yako kabla hujafika kwa notari. Iwe hati ya kiapo, iwe uwakala (karatasi ya kumpa mtu nguvu ya kusimama badala yako), iwe barua ya ruhusa ya mtoto kusafiri, ije na nafasi ya sahihi ikiwa tupu. Mie nipo ofisi ya wakili hapa Unguja mjini, sio wakili mie, kazi yangu kupokea watu na kuandika hizi karatasi, na kila siku lazima aje mtu na hati keshasaini kwao, tena kwa raha zake na tarehe ya juzi kaweka, halafu anatwambia "nipigieni muhuri tu nina haraka". Hapo inabidi iprintiwe upya.

Kwanini? Muhuri wa notari unasema kitu kidogo sana lakini kizito. Unasema tarehe fulani, mahali fulani, mtu huyu alifika mbele yangu, nikahakikisha ni yeye, akaapa au akatia sahihi nikimuona kwa macho. Basi. Kama kiwanja ni chake kweli, kama yale maneno ya ndani ni ya kweli, kama mkataba wenyewe unasimama kisheria, hayo muhuri haujayagusa. Sasa ukija ushasaini, notari atasema kaona nini? Atakuwa anashuhudia kitu hakukiona, na wakili anaejiheshimu hawezi kuhatarisha leseni yake kwa ajili ya haraka yako.

Sasa notari ni nani khasa. Huku kwetu ni wakili, yaani yule aliyekubaliwa na Mahkama Kuu ya Zanzibar, na kwenye muhuri wake utaona majina matatu yamefuatana, Wakili, Notari na Kamishna wa Viapo. Mtu mmoja kofia tatu. Akiwa kamishna wa viapo kazi yake ni kukuapisha, ndo hizi hati za kiapo ambazo watu wanaziita afidaviti. Akiwa notari anathibitisha sahihi na nakala na hati, zaidi zile zinazokwenda nje ya nchi. Akiwa wakili ndo anakushauri na kukutetea mahkamani. Hizo kofia usizichanganye, mana wakili anaekusimamia kwenye kesi hatakiwi akuapishe yeye mwenyewe hati ya kiapo ya kesi hio hio, ana maslahi nayo, inabidi uende kwa wakili mwengine. Watu wanaona ni usumbufu lakini upande wa pili wakiliona hilo wanaomba hati itupwe, na inatupwa.

Jamaa zetu walioko nje kila mmoja ana notari wake kichwani na hapo ndo mizozo ya simu inapoanza. Alieko Marekani anajua notari ni karani tu wa benki au mtu wa dukani mwenye muhuri, na kule kweli ndivyo, hahitaji kuwa mwanasheria na akiwa sio mwanasheria haruhusiwi kukupa ushauri wa sheria. Mtu wa Ngazija au alieko Ufaransa yeye anategemea notari akae aandike mauzo ya nyumba na agawe mpaka mirathi, kwa sababu kwenye sheria za Kifaransa huyo ni mtu mkubwa sana. Alieko Uingereza anakuta notari ni adimu na bei kali, mfumo wao wa zamani, tangu sheria ya mfalme Henry VIII ya mwaka 1533 wanateuliwa kupitia ofisi ya Askofu Mkuu wa Canterbury na mpaka leo ndo hivyo hivyo. Kwa hio ukiambiwa na kaka yako wa London "nenda kwa notari amalize kila kitu" mwambie notari wetu hamalizi kila kitu, anashuhudia.

Haya, unakuja na nini. Kitambulisho chako cha asili, ZanID au pasipoti au cha NIDA, sio picha kwenye simu. Karatasi yenyewe kama unayo, kama huna tutakuandikia lakini hio ni bei nyengine, kuandika mbali na kuapisha mbali. Uliza bei kabla hujakaa, na uliza kama ni kwa hati au kwa kila nakala, mana mtu anakuja na vyeti vyake vyote vya skuli na nakala tatu tatu akidhani analipa mara moja. Chukua risiti.

Wanawake wanaovaa nikabu, msione tabu wala msiogope kuja. Notari lazima aone sura aifananishe na kitambulisho, hilo halina njia ya mkato, lakini unaweza kusema mapema kwamba unataka wakili mwanamke, wapo wengi mashaallah, na ukapelekwa chumba cha ndani. Ofisi ya maana haikulazimishi ufunue uso pale barazani mbele ya watu wanaosubiri.

Na wazee. Bibi yetu hajui kusoma hati za Kizungu lakini anasoma msahafu na anaandika jina lake kwa hati za Kiarabu vizuri tu. Basi aandike kwa Kiarabu, sahihi ni sahihi, hakuna haja ya kumpakaza wino wa dole gumba mtu anaejua kuandika jina lake. Asiejua kabisa ndo anaweka dole. Ila kote kuwili karatasi inatakiwa isomwe kwa sauti kwa lugha anayoifahamu, aelezwe, akubali, na pale chini paandikwe kuwa alisomewa na kufahamishwa. Kama hati ni ya Kiingereza na bibi ni wa Makunduchi na Kiingereza hakijui, nani alimfasiria? Jina lake liwepo. Hii sehemu watu wanairuka sana halafu miaka inapita bibi anaulizwa mahkamani ulisaini nini anasema "walinambia nitie hapa".

Hati ya kiapo inavyoandikwa

Nikianza na zinazokuja zaidi: majina kutofautiana. Kwenye cheti cha kuzaliwa Mwanakhamis, kwenye cheti cha form foo Mwanahamisi, kwenye pasipoti kaandikwa jina la babu mbele ya la baba, kila karani kaandika anavyosikia. Kama ni mtu mmoja mwenye majina yaliyoandikwa tofauti unaapa kiapo kuwa majina yote hayo ni yako wewe mmoja. Kama unataka kubadilisha jina kabisa, uache la zamani uchukue jipya, hio sio kiapo cha majina tena, hio ni hati ya kubadili jina, watu wanaiita dipol, nayo haiishii kwa wakili, inakwenda kusajiliwa kwa Mrajis. Ukipoteza cheti pitia polisi kwanza upate ripoti ya upotevu, ndo uje uape na namba ya ripoti ukiwa nayo mkononi. Na barua ya sheha ni kitu chengine kabisa, sheha anasema wewe ni mkaazi wa shehia yake, hakuapishi. Mara nyingi zinatakiwa zote mbili.

Muundo wake uko hivi, na huu unaweza kuuandika mwenyewe ukaja nao ukapunguza gharama:

Mimi, (majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho), mtu mzima, Muislamu, mkaazi wa shehia ya (fulani), Wilaya ya (fulani), Unguja, naapa na kutamka kama ifuatavyo:
1. Kwamba mimi ndie muapaji na yaliyomo humu nayafahamu mwenyewe.
2. Kwamba katika cheti changu cha kuzaliwa namba (…) jina langu limeandikwa (…).
3. Kwamba katika cheti changu cha skuli namba (…) jina langu limeandikwa (…).
4. Kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja ambae ni mimi.

Chini yake inakuja sehemu ya uthibitisho, unasema aya ya 1 mpaka ya 4 ni kweli kwa ufahamu wangu. Na chini kabisa ndo ile sehemu ya notari mwenyewe, wenyewe wanaiita jurati, imeapwa na kutiwa sahihi hapa Unguja na huyo aliyetajwa ambae namjua mwenyewe, au ametambulishwa kwangu na fulani, leo tarehe kadhaa, mbele yangu. Hio jurati usiijaze wewe. Wacha tarehe na mahali patupu.

Aya moja jambo moja. Andika unalolijua wewe, na kama umelisikia kwa mtu sema nimeambiwa na nani na kwamba naamini ni kweli. Usilete hoja wala malalamiko wala maombi. Kuna kesi maarufu ya Uganda ya mwaka 1966, kesi ya Matovu, mawakili wa Afrika Mashariki nzima wanaitaja mpaka leo, pale ndo mahkama ilisema hati ya kiapo iwe na mambo ya ukweli tu, isiwe na mabishano ya sheria wala dua wala hitimisho. Lakini watu wetu bwana, unamwambia andika cheti kimepotea, anaandika kurasa mbili za jinsi mke wa ami yake anavyomuonea choyo tangu mwaka juzi. Tunakata.

Kuhusu kuapa kwenyewe: Muislamu anaapa kwa dini yake, Mkristo kwa yake, na mwenye imani isiyomruhusu kuapa anathibitisha kwa dhati tu, na mbele ya sheria uzito ni ule ule. Wengine wakifika hapo wanacheka cheka wanaona ni fomu tu ya kupita. Kuapa uongo ni kosa la jinai, unaweza kushtakiwa, na kwa sie Waislamu nadhani sina haja ya kuendelea na upande wa pili wa hilo.

Kusetifai vyeti

Hii ni nyepesi. Leta cheti cha asili NA nakala. Notari anaziweka sambamba, anatizama, anaandika kuwa hii ni nakala sahihi ya ile ya asili, anatia sahihi, tarehe, muhuri. Bila ya asili hakuna kitu, kopi ya kopi hatusetifai, na lile lililotumwa kwa WhatsApp na skuli yako ya zamani ni kopi tu hata kama lina rangi. Ushauri mmoja wa bure, usilaminishe vyeti vyako! Nakuona unavilinda na maji lakini siku utakayotaka muhuri wa wizara upigwe juu ya cheti chenyewe muhuri haushiki kwenye plastiki, na ukiibandua inatoka na maandishi.

Tafsiri je? Notari hasetifai tafsiri ya lugha asiyoijua. Kama cheti ni cha Kiswahili na Wizara ya Muscat wanataka Kiarabu, mfasiri ndo anaebeba dhamana ya tafsiri, anaweza kuapa kiapo kuwa kafasiri kwa uaminifu, na notari anamuapisha huyo mfasiri. BAKITA nao wana huduma ya kuthibitisha tafsiri kwa muhuri wao. Uliza kwanza huko unakopeleka wanataka ipi.

Uwakala, hapa tukae kidogo

Hati ya uwakala, pawa ofu atoni, wengine wanasema pawa tu, ndo karatasi inayoliza watu kuliko zote visiwani humu. Nusu ya kila ukoo iko Oman au Dubai au Mombasa au Uingereza, na mali zipo hapa, kwa hio kila mtu ana ami au mjomba anaemshikia mambo. Karatasi nzuri inampa huyo mjomba nguvu ya kufanya kitu maalumu. Karatasi mbaya inampa kila kitu.

Kuna uwakala wa jumla, unamwambia mtu simama badala yangu kwa kila jambo, na kuna uwakala maalumu, unamwambia nisimamie jambo hili na hili tu. Mie kwa maoni yangu uwakala wa jumla mpe mtu ambae hata bila karatasi ungempa ufunguo wa nyumba na kadi ya benki, na watu kama hao kwenye maisha ni wachache. Wengine wote maalumu. Andika mali ni ipi, ipo shehia gani, namba ya hati ya haki ya matumizi kama ipo, imepakana na nani kila upande. Andika nguvu zenyewe moja moja: kukodisha, kupokea kodi, kusimamia ujenzi, kusaini mbele ya ofisi ya ardhi. KUUZA kuandikwe peke yake kwa uwazi kama unataka auze, na kama hutaki andika kuwa haruhusiwi kuuza, kuweka rehani wala kutoa zawadi. Kupokea pesa za mauzo nako ni nguvu nyengine, anaweza kuruhusiwa kuuza lakini pesa ziingie kwenye akaunti yako wewe. Andika uwakala unaisha lini. Andika kama yeye anaweza kumteua mtu wa tatu au hawezi, na bora asiweze.

Ukitaka kuuvunja, unauvunja kwa maandishi, unampa taarifa yeye, na unazipa taarifa zile ofisi anazokwenda nao. Kumtumia voisi noti ya kumtukana hakuvunji uwakala. Kama ulisajiliwa, na uvunjaji usajiliwe pale pale.

Sasa hili lisomeni mara mbili. Aliyetoa uwakala akifariki, uwakala umekufa nae siku hio hio. Sheria za serikali zinasema hivyo na fiqhi inasema hivyo, hapa hakuna mgongano. Mzee kafariki Muscat, mjomba huku bado ana karatasi yake nzuri yenye muhuri mwekundu, anaingia nayo kwa mnunuzi anauza shamba, mnunuzi anaona muhuri anatoa pesa. Kauziwa hewa. Mali ile tangu pale ishakuwa ya warithi, njia yake ni Mahkama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa sisi Waislamu, wajulikane warithi nani na nani, ndo mali iguswe. Kwa hio wewe unaenunua kwa mtu mwenye uwakala, kabla ya kutizama muhuri piga simu ya video uongee na mwenye mali. Akiwa hapatikani kila siku "amelala huko sasa hivi usiku" na wakati Muscat na Unguja zimepishana saa moja tu, shtuka.

Na hapo hapo nigusie wasia, kuna watu wanakuja wanataka notari apige muhuri wasia kuwa nyumba yote ni ya mtoto mmoja. Kwa Muislamu wasia hauvuki thuluthi ya mali na mrithi hausiiwi mpaka warithi wenziwe waridhie, muhuri hauwezi kubadilisha hilo hata ungekuwa wa dhahabu. Kama unataka kumpa mtoto kitu, ulizia hiba ukiwa hai, na muulize kadhi au sheikh anaejua.

Aliyeko nje anatoaje uwakala

Huyu haiwezekani asaini Dubai halafu atutumie pdf sie tupige muhuri Unguja. Haikuwa mbele yetu. Tunaombwa hivi kila wiki na jibu ni hapana kila wiki. Njia yake ni mbili. Ya kwanza ni kwenda ubalozini kwetu, upo Muscat, upo London, na Dubai upo ubalozi mdogo, na maofisa wa kibalozi kazi za notari ni sehemu ya kazi zao, mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mambo ya kibalozi unasema wazi kwenye kifungu cha 5 kuwa wanaweza kufanya kazi za notari. Ya pili ni kusaini mbele ya notari wa nchi aliyopo halafu sahihi ya yule notari ithibitishwe na serikali yao na baadae ubalozi wetu.

Kuna kitu kinaitwa apostili, hicho ni cheti kimoja kilicholetwa na mkataba wa Hague wa mwaka 1961, nchi zilizomo zikipelekeana hati hazihitaji tena kupitia balozini. Uingereza wanatoa, Oman wanatoa. Ila kabla mtu wako hajalipia apostili huko, iulize kwanza ofisi ya huku itakayopokea karatasi inataka apostili au inataka muhuri wa ubalozi wa Tanzania, mana akishalipa harudishiwi.

Na hati inayotoka hapa kwenda nje inapanda ngazi vivyo hivyo. Tuseme cheti cha ndoa kinakwenda Oman. Kama ni cheti cha asili kilichotolewa na serikali mara nyingi hakina haja ya notari, kinakwenda moja kwa moja kuthibitishwa. Kama ni nakala au ni hati ya kibinafsi kama uwakala, notari kwanza, halafu Wizara ya Mambo ya Nje, wana ofisi yao hapa Zanzibar, halafu ubalozi mdogo wa Oman ambao upo hapa hapa Unguja. Kila ngazi inathibitisha sahihi ya ngazi ya chini yake tu, wizara inatizama kama sahihi na muhuri wa notari ndo ule inaoujua, ubalozi unatizama sahihi ya ofisa wa wizara. Ndo mana ukiruka ngazi moja unarudishwa hata kama karatasi yako ni safi, yule wa juu hamjui yule uliyemletea.

Ardhi kwa ufupi

Ardhi ya Zanzibar kwa sheria ya mwaka 1992 ni ya umma, ipo mikononi mwa Rais wa Zanzibar kwa niaba ya wananchi, unachomiliki wewe ni haki ya matumizi. Kwa hio ule mkataba wa kuuziana uliosainiwa kwa wakili ni mwanzo tu. Uhaulishaji, yaani kuihamisha ardhi kutoka kwa mtu kwenda kwa mwengine, una bodi yake, Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi, na kuna usajili. Nimeshaona watu wamekaa na mkataba wenye muhuri kabatini miaka na miaka wakiamini kiwanja keshakuwa chao, kumbe ofisi ya ardhi bado kinasoma jina la muuzaji. Na zile eka tatu zilizogaiwa na serikali baada ya Mapinduzi zina masharti yake, usinunue kwa karatasi ya wakili pekee, nenda ukaulize ardhi kwanza.

Kazi moja ambayo vijana wengi hawaijui

Notari ana kazi ya baharini pia na sisi ni watu wa bahari. Nahodha akipata dhoruba njiani, mzigo ukarowa au ukabidi utupwe, akifika bandarini anakwenda mapema kwa notari anatoa tamko la kile kilichotokea, tarehe, saa, upepo ulivyokuwa, alivyofanya kuokoa chombo. Hio inaitwa protesti ya nahodha. Baadae wenye mzigo na wa bima wakianza kugombana nani alipe, tamko lililochukuliwa siku ile ile kabla watu hawajaanza kupanga maneno lina thamani kubwa. Anakuja na daftari la safari la chombo na bora aje na baharia mmoja au wawili waliokuwepo. Kama una jahazi la mizigo baina ya Unguja, Pemba, Tanga na Mombasa hili lijue.

Mawakili wa uongo na walio Pemba

Wapo vishoka. Mtu ana muhuri kachonga Darajani na anakaa nje ya ofisi za serikali anakwambia "mie nakumalizia hapa hapa". Kama hana ofisi, hakuoni kitambulisho, hajakuuliza hata jina, huyo sio. Muhuri wa kweli una jina la mtu, ukiwa na wasiwasi lichukue jina hilo ukaulize Chama cha Wanasheria Zanzibar au Mahkama Kuu. Na wakili wa bara na wakili wa Zanzibar wana madaftari mawili tofauti, kukubaliwa kule hakumaanishi kakubaliwa huku, kwa hio karatasi ya kutumika kwenye ofisi za hapa ipigwe muhuri na wakili wa hapa utapunguza maswali.

Walio Pemba, hakuna sababu ya kupanda boti kuja Unguja kwa kiapo cha majina. Mawakili wapo Chake Chake, na Mahkama Kuu ina tawi lake hapo hapo Chake. Mnakotakiwa kuja huku au kumtuma mtu ni zile ngazi za juu za hati zinazokwenda nje, wizara na ubalozi, na hapo piga simu kabla ya kusafiri uulize siku wanazopokea.

Kabla hujatoka mlangoni

Shika karatasi yako uisome pale pale ukiwa bado umekaa. Jina la notari limeandikwa likasomeka, sio mkunjo wa sahihi tu? Bara sheria yao ya manotari, Sura ya 12, ilirekebishwa mwaka 2016 ikalazimisha jina la aliyeapisha liwemo kwenye jurati pamoja na mahali na tarehe, na hata huku ukiwa nayo yote matatu hakuna atakaekusumbua. Tarehe ni ya leo? Mahali pameandikwa Unguja au Pemba, au pameachwa nukta nukta? Kila ukurasa umetiwa herufi za mwanzo za jina lako na za notari, mana ukurasa usiotiwa kitu unaweza kubadilishwa. Palipofutwa na kuandikwa juu pana sahihi ndogo pembeni? Jina lako limeandikwa sawa sawa na kitambulisho, herufi kwa herufi, isije ikawa hati ya kurekebisha jina ndo yenyewe imekosea jina, na wallahi hutokea.

Chukua hati za asili mbili kama unaweza, moja ya kupeleka na moja ya kubaki nayo, bei ya ya pili ni ndogo ukiomba siku hio hio. Piga picha safi uweke kwenye imeili yako. Na ukienda kutoa kopi usikubali mwenye mashine atoe steplo, kuna ofisi wakiona matundu ya steplo mara mbili wanaanza kuuliza ukurasa gani umebadilishwa, mwambie akunje apige hivyo hivyo.